Puerta de la Justicia pale Alhambra: jinsi ya kulitembelea lango ukaliona kweli

Watu wakipanga safari ya Granada, kule kusini mwa Hispania, akili yote inakuwa kwenye tiketi ya majumba ya wafalme, na siwalaumu maana yale majumba ni mazuri mno, ila leo nataka tuongelee lango. Lango moja tu. Linaitwa Puerta de la Justicia, yaani Lango la Haki, ni kubwa kuliko malango mengine ya nje ya ngome ya Alhambra, waliolijenga waliliita Bab ash-Sharia, na kulifikia, kusimama mbele yake na kulipita hulipi hata senti moja. Cha kusikitisha ni kwamba wengi wanalipita mbio, simu mkononi, wanawahi saa iliyoandikwa kwenye tiketi, wanatokea upande wa pili hawajainua macho. Hapo ndo mi huwa naumia, kwa sababu lile lango lilijengwa lisomwe, mambo yake yamepangwa kwa ajili ya mtu anayetoka chini anapanda, na ukilifuata kwa mpango huohuo unaanza kuielewa Alhambra kabla hujaingia chumba hata kimoja.

Tuanze na historia kidogo tu, maana bila hiyo utaona matofali na tao basi. Alhambra ilikuwa ngome na mji wa watawala wa ukoo wa Banu Nasr, walioishika Granada kuanzia miaka ya 1230 mpaka 1492, na ndo ilikuwa dola ya mwisho ya Kiislamu kwenye ardhi ya Hispania. Lango letu limejengwa na sultani Yusuf wa Kwanza, aliyetawala kuanzia 1333 mpaka 1354, na likakamilika mwaka 1348. Angalia miaka hiyo vizuri. Mwaka 1340 majeshi ya Granada na ya Morocco yalishindwa vibaya kwenye vita vya mto Salado, mwaka 1344 bandari ya Algeciras ikachukuliwa na mfalme wa Castilla, dola ya Kikristo ya jirani, alafu mwaka huohuo wa 1348 tauni kubwa ikaingia Hispania. Yani huyu mtu anajenga lango la fahari kiasi kile wakati adui yuko mpakani na ugonjwa unamaliza watu, na mwaka unaofuata, 1349, mjini chini inafunguliwa madrasa yake. Yusuf mwenyewe aliuawa mwaka 1354, siku ya Idd el-Fitr, akiwa kwenye swala. Ukisimama pale mbele ukiwa na hayo kichwani, lango linakuwa na uzito mwingine kabisa.

Sasa maandalizi. Lango lenyewe halihitaji tiketi, hilo nimeshasema, na hata ukishalipita unaweza kuzunguka sehemu kubwa tu ya ndani bure: lango la Puerta del Vino, jumba la mfalme Carlos V, kanisa la Santa María, mtaa wa Calle Real. Tiketi inahitajika ukitaka kuingia Alcazaba, yaani ile sehemu ya askari yenye minara, na Palacios Nazaríes ambayo ndo majumba ya masultani, na bustani za Generalife. Kama na hayo unayataka, nunua tiketi mapema kwenye tovuti rasmi ya Patronato de la Alhambra y Generalife, mapema nikimaanisha wiki kadhaa kabla na sio jana yake, kwa sababu idadi ya watu wanaoruhusiwa kwa siku ina kikomo na msimu wa watalii zinaisha kweli. Tiketi inakuwa na jina lako na namba ya pasipoti, kwahiyo pasipoti halisi unatembea nayo, sio picha yake kwenye simu. Na ile saa iliyoandikwa ni ya kuingia Palacios Nazaríes, ukichelewa imekula kwako, hamna kubembelezana.

Hapa kuna kitu ambacho wageni wengi hawakijui. Jengo la kuuzia tiketi, wanaliita Pabellón de Entrada, liko mbali huko juu upande wa Generalife, na watu wanadhani lazima waanzie pale. Sio lazima. Kama tiketi unayo tayari, kwenye simu au umeiprinti, unaingilia Puerta de la Justicia moja kwa moja, na kutoka pale mpaka mlango wa Palacios Nazaríes ni dakika chache tu kwa miguu, wakati kutoka Pabellón ni mwendo wa karibu robo saa, na ukiwa na watoto ni zaidi. Ila mabegi makubwa hayaruhusiwi kwenye majumba na sehemu ya kuyatunza iko huko Pabellón, kwahiyo begi kubwa liache hotelini, njoo na kibegi kidogo unachoweza kukivaa mbele.

Kufika Granada penyewe sio shida, treni za kasi kutoka Madrid zipo tangu 2019, mabasi yapo, uwanja wa ndege upo. Ukishakuwa mjini kuna mabasi madogo mekundu, namba C30 na C32, yanatokea Plaza Isabel la Católica na yanakupandisha mpaka juu, na kuna kituo karibu na lango. Lakini kama miguu inaruhusu, nakuomba panda kwa miguu. Sikuombi hivyo kwa sababu ya mazoezi. Lango hili linataka ulifikie kutoka chini, ukiwa umeshahema kidogo, ndo linafanya kazi yake.

Njia ni hii. Unaanzia Plaza Nueva, unaingia barabara nyembamba inaitwa Cuesta de Gomérez, inapanda tangu hatua ya kwanza, kushoto na kulia kuna maduka ya gitaa na ya zawadi. Juu kidogo inakukabili Puerta de las Granadas, lango la mawe mazito lililochorwa na Pedro Machuca na kujengwa mwaka 1536 enzi za mfalme Carlos V, juu yake kuna ngao ya mfalme na makomamanga matatu yaliyopasuka. Usilichanganye na letu, wengine wanapiga picha hapo wanadhani wameshamaliza. Ukilipita unaingia msituni na njia zinagawanyika, wewe shika ya kushoto, ndo yenye mwinuko mkali na ndo ya wanaotembea kwa miguu.

Msitu huo ni mzuri sana, kivuli kizito, maji yanashuka kwenye vijifereji pembeni ya njia mwaka mzima, na kipindi cha joto kali ambapo mji wote unapita nyuzi 35 humo ndani unapumua. Lakini jua tu kwamba Yusuf hakuuona msitu huo. Wakati wa masultani mteremko huu ulikuwa mtupu, hamna miti, ili adui akija aonekane tangu mbali. Miti imekuja baada ya 1492, mji ulipochukuliwa na Wakristo. Kwahiyo unavyopanda jaribu kuiondoa miti kichwani, weka kilima kikavu chenye jua, na juu yake ukuta mwekundu unaokutazama. Ukifanya hivyo utaelewa kwa nini lango ni mnara mzima na sio mlango uliotobolewa ukutani.

Kabla ya kulifikia utakutana na chemchemi ya ukutani, Pilar de Carlos V, iko chini kabisa ya lango. Simama, vuta pumzi, iangalie. Nayo imechorwa na Machuca yuleyule, miaka ya 1540, na mchongaji alikuwa Niccolò da Corte kutoka Italia. Kuna nyuso tatu zinatema maji, zimevalishwa vichwani ngano, maua na matunda, na wengi wanasema ndo mito mitatu ya Granada, yaani Darro, Genil na Beiro. Juu yake kuna maandishi ya Kilatini ya kumtukuza mfalme. Kumbuka hilo jambo, kwamba mfalme wa Kikristo ameweka jina lake kwa Kilatini chini tu ya lango ambalo juu lina jina la sultani kwa Kiarabu. Haya mawili yanaongea, na dakika chache mbele utaona yanaongea zaidi.

Haya, sasa umefika. Usiingie.

Rudi nyuma mpaka uone mnara wote, na uanze juu ushuke chini au chini upande juu, utakavyo, ila usiingie kwanza. Utaona tao kubwa la nje, refu kuliko unavyotegemea, la umbo la kwato ya farasi lenye ncha kidogo juu. Ndani yake, hatua chache nyuma, kuna tao lingine dogo, na hilo ndo mlango wenyewe. Kati ya hayo mawili pako wazi juu, ukisimama katikati ukainua kichwa unaona anga. Watu wanadhani ni urembo wa kuleta mwanga. Hapana, pale juu walinzi walisimama na kumwaga mawe na vitu vingine kwenye vichwa vya yeyote aliyefika mlangoni bila kukaribishwa. Kwahiyo ile nafasi nzuri ambayo kila mtu anapigia selfi ndo ilikuwa sehemu mbaya kuliko zote kusimama.

Sasa tafuta mkono. Angalia lile jiwe la juu kabisa katikati ya tao kubwa la nje, jiwe ambalo likitoka tao lote linaanguka. Limechongwa kiganja cha mkono, kimesimama, vidole vitano vimeelekea juu, na kuanzia kwenye kifundo unaona kipande cha mkono. Sio kikubwa, na kiko juu sana, na rangi yake ni ya jiwe lenyewe, ndo maana wengi hawakioni hata wakiambiwa. Tumia kamera ya simu ukuze, au kama una darubini ndogo beba, utafurahi. Ukishauona mkono, shuka kwenye tao dogo la ndani, nalo angalia jiwe lake la kati: kuna ufunguo, na ufunguo una kamba imefungwa. Mkono nje, ufunguo ndani.

Maana yake ni nini? Hapa watu wanabishana na wataendelea kubishana. Wapo wanaosema vidole vitano ni nguzo tano za Uislamu. Wapo wanaosema ni mkono wa kukinga jicho baya, wa aina ileile watu wa Afrika Kaskazini wanaoutundika milangoni mpaka leo. Ufunguo wengine wanaona ni alama ya mamlaka, wengine alama ya imani inayofungua milango ya pepo. Na kuna hadithi ya wenyeji, kwamba siku mkono utakapoushika ufunguo ndo siku Alhambra itaanguka, au dunia itaisha. Mi naelemea upande wa ulinzi na imani vikiwa pamoja, kwa sababu ngome hii haijawahi kuvitenganisha hivyo viwili, ukuta ni mnene na bado wanaandika jina la Mungu juu yake. Lakini usimruhusu mtu yeyote akukabidhi jibu moja kwa uhakika wote, hata akiwa amevaa beji ya mwongoza watalii.

Baada ya ufunguo, panda macho kidogo, juu ya lile tao dogo kuna maandishi marefu ya Kiarabu. Hayo ndo cheti cha kuzaliwa cha lango. Yanataja jina la lango, Bab ash-Sharia, yanaomba Mungu aistawishe sheria ya Kiislamu kwalo, yanamtaja aliyeamrisha kujengwa, Abu al-Hajjaj Yusuf, na yanasema kazi ilikamilika mwezi wa Maulidi, yani mfungo sita, mwaka 749 Hijria, ambayo ni kama Juni 1348. Sio majengo mengi ya umri huo yanayokwambia yenyewe mwezi yaliomalizika. Na kama ulipita chuo cha Kurani ukajifunza kusoma herufi za Kiarabu, jaribu vichwa vya zile nguzo za pembeni ya tao, kuna shahada imechongwa, lakini zimefungamana sana kwahiyo nenda taratibu, usikate tamaa, ukishaipata laa ilaaha zingine zinajitokeza.

Na hapo hapo, juu ya maandishi, kuna sanamu ya Bikira Maria amembeba Mtoto. Ndiyo, juu ya maandishi ya Kiarabu. Waliagiza iwekwe Fernando na Isabel, wale wafalme wa Kikatoliki walioichukua Granada, na ilichongwa na Ruberto Alemán mwanzoni mwa miaka ya 1500. Unayoiona pale ni nakala, ile ya asili iko kwenye jumba la makumbusho la sanaa, Museo de Bellas Artes, ndani ya jumba la Carlos V, na nitarudi hapo baadaye. Angalia pembeni ya sanamu, ule ukuta wa nyuma una vigae vya rangi vilivyopangwa kwenye mistari inayosukana, ndo urembo wa mwanzo wa Yusuf, na kishimo cha sanamu kimeuingilia. Mi huwa napenda kusimama sana hapa. Hawakulibomoa lango, hawakufuta maandishi, hawakuukwangua mkono wala ufunguo. Waliweka cha kwao juu yake, wakaendelea kulitumia. Kuna watu wanaona hapo heshima, kuna wanaoona ubabe, na mi nadhani ukitulia utaona vyote, ushindi uko pale na hofu ya kuharibu kitu kizuri nayo iko pale.

Sasa ingia. Na ukiwa unaingia angalia milango yenyewe, zile mbao nzito mbili, kwa sababu ni za zamani kweli, zimevalishwa mabati ya chuma na kupigiliwa misumari safu kwa safu. Sogea karibu uone vile chuma kilivyokunjwa kwenye kingo na vichwa vya misumari vilivyosagika, na kitasa na komeo vya zamani bado vipo. Usiguse. Najua mkono unawasha, lakini maelfu ya watu wanapita pale kila siku, na jasho la mikono linaharibu chuma na mbao.

Ndani unategemea unyooke utoke. Haiwezekani. Njia inakata kona, inapanda, inakata tena, sakafu ina mwinuko mkali na huwezi kuona mwisho mpaka uufikie. Hiyo ni akili ya vita: farasi hawezi kuja mbio, wanaume mia hawawezi kuingia kwa mkupuo, kila kona inawapunguza kasi na kuwaweka wachache wachache mbele ya walinzi, na gogo la kubomolea mlango huwezi kulizungusha humo. Tembea taratibu ujiulize kila kona ningejificha wapi, ningeshambuliwa kutoka wapi. Watoto wanalipenda sana hili zoezi, wape wao wawe walinzi na wewe uwe adui, utaona wanavyouelewa ujenzi haraka kuliko maelezo ya nusu saa.

Inua macho pia. Dari ya kila kipande cha njia imejengwa kivyake, kuna mahali zimekutana kwa mistari inayokatana, kuna mahali ni kuba, na juu ya plasta wamepaka rangi nyekundu kuigiza matofali. Yani ni matofali ya kuchora, kwenye jengo lenye matofali ya kweli. Watu wa Banu Nasr walikuwa hivo, hata sehemu ya kupita askari waliitaka ipendeze.

Kabla ya kutoka kuna vitu viwili ukutani vya baada ya 1492. Kimoja ni altare ndogo ya mbao ya mwaka 1588, kazi ya Diego de Navas kijana. Cha pili ni jiwe lenye maandishi ya Kihispania kwa herufi za Kigothi, zile zenye ncha ncha, linalosema jinsi Fernando na Isabel walivyouchukua mji tarehe 2 Januari 1492 na kumwachia ngome Íñigo López de Mendoza, kabaila (conde) wa Tendilla. Kwahiyo hesabu yako mpaka hapo: cheti cha Yusuf nje kwa Kiarabu, hati ya washindi ndani kwa Kihispania, na chini ya kilima Kilatini cha Carlos V. Wote watatu walitaka mpita njia ajue nani mwenye nyumba.

Ukishatoka, geuka nyuma. Hii watu wanaisahau kabisa. Uso wa ndani wa lango ni mtulivu, tao la matofali na mabaki ya vigae vya rangi pembeni yake, hamna mkono, hamna kitisho, kwa sababu huku ni kwa watu wa nyumbani. Linganisha na ule wa nje uliotoka kuuona.

Panda mbele kidogo uende Puerta del Vino, ni hatua chache tu. Hili nalo ni lango lakini sio la vita, njia yake imenyooka, lilikuwa linatenganisha sehemu za ndani. Lilianzishwa enzi za Muhammad wa Tatu, mwanzoni mwa miaka ya 1300, na urembo wake mwingine uliongezwa na Muhammad wa Tano, mtoto wa Yusuf wetu. Upande unaokabili Alcazaba tafuta ufunguo tena, upo juu ya tao. Ukiuona utaelewa kwamba ule wa kwanza haukuwa pambo la bahati. Alafu zunguka upande wa pili uangalie vigae vya rangi vilivyoko kwenye pembe za tao, kwangu mimi ni kati ya vigae vizuri kuliko vyote Alhambra na viko nje hadharani, unavitazama bure.

Ukitaka kumalizia vizuri, ingia jumba la Carlos V. Chini kuna Museo de la Alhambra ambako kuna ule mtungi mkubwa maarufu wenye picha za swala, wale wanyama, na juu kuna Museo de Bellas Artes ambako utamwona Bikira wa Ruberto Alemán kwa karibu, uso kwa uso, baada ya kumwangalia nakala yake shingo imekuuma. Yote mawili Jumatatu yanafungwa, kwahiyo usipange siku hiyo.

Kuhusu muda. Ngome inafunguliwa saa mbili na nusu asubuhi, na inafungwa saa mbili usiku kuanzia Aprili mpaka katikati ya Oktoba, saa kumi na mbili jioni miezi iliyobaki, tarehe 25 Desemba na 1 Januari inafungwa kabisa. Kwa lango, njoo asubuhi mapema kabla vikundi vya watalii havijapanda, maana kikundi kimoja cha watu thelathini kikijaa kwenye ile njia yenye kona hamuoni kitu wote. Ukikutana nacho usigombane, subiri nje kwenye chemchemi, kitapita. Tenga saa nzima kwa ajili ya lango peke yake kabla ya saa ya tiketi yako, na weka nusu saa nyingine ya akiba. Wanaosema dakika kumi zinatosha wameliona kama njia.

Viatu ni raba zenye soli inayoshika, hili nalisisitiza, mawe ya pale yamesuguliwa na miguu ya miaka mingi na yakilowa yanateleza vibaya, hasa kwenye ule mwinuko wa ndani. Maji beba. Baridi ya Granada Desemba na Januari ni ya kweli, mji uko juu na milima ya Sierra Nevada yenye theluji iko jirani, kwahiyo jaketi sio mapambo. Picha piga, ila usizuie njia, na selfi yenye mkono na ufunguo kwa pamoja inapatikana ukichuchumaa mbali kidogo na simu ikiwa wima. Na mjini chini, hasa maeneo ya kanisa kuu, kina mama wakikunyooshea kitawi cha rozmari, ule mmea wa kunukia, kama zawadi, shukuru na uendelee kutembea, maana ukikipokea utaombwa pesa.

Kwa mzee, mjamzito au mtu wa kiti cha magurudumu, njia ya ndani ya lango kiukweli ni ngumu, mwinuko na zile kona havina huruma. Mlete na basi, mpeleke aone uso wa nje kama mguu unaruhusu, alafu kuingia tumieni Puerta de los Carros, ni jirani kabisa, ni uwazi uliotobolewa ukutani karne ya 16 ili mikokoteni ya vifaa vya jumba la Carlos V ipite, ni rahisi zaidi na nao ni bure. Ukishampumzisha juu kwenye kivuli, mmoja wenu arudi alipite lango polepole, alafu mbadilishane.

Kurudi mjini unaweza kushuka ulivyopanda, au kama umemalizia Generalife shika Cuesta del Rey Chico, njia ya miguu inayoteremka kati ya kilima cha Alhambra na cha Generalife mpaka Paseo de los Tristes kwenye mto Darro. Ukichagua ulivyopanda, pita tena langoni, sasa ukitokea ndani kwenda nje, na uhesabu kona kwa kurudi nyuma: utagundua kwamba anayetoka anaona kila kitu kilichoko mbele yake mapema, na anayeingia ndo alikuwa gizani.